Siku Petra Ilipofika Alief

Theodora alirudi kutoka Yordani na picha elfu moja na mia nne kwenye simu yake, na ndani ya wiki mbili akawa hana tena mtu wa kumwonyesha.

Si kwamba hakuwa na watu. Carrollton, Texas, walimjua. Alikuwa muuguzi katika kituo cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, yule ambaye wagonjwa humwulizia kwa jina kwa sababu sindano yake haiumi. Kanisani aliimba sauti ya pili. Alikuwa mjane kwa miaka tisa, na binti yake mmoja, Angel, alikuwa chuoni Denton. Watu alikuwa nao tele. Kilichoadimika ni masikio. Wafanyakazi wenzake walisimuliwa Petra wakati wa chakula cha mchana hadi wakaanza kula ndani ya magari yao. Kiongozi wa kwaya alisimuliwa Petra katikati ya mazoezi. Angel alipiga simu kuuliza maharage ya nazi yanaungwaje, akajikuta anapewa historia ya biashara ya ubani, na mwishowe akasema kwa Kiingereza chake cha mbio, "Mom, I love you, but I can't do the rocks today."

"Rocks!" Theodora alimaka. "Mwanangu, ule ni mji!" Lakini simu ilikwisha kukatwa.

Mapenzi hayo ya Petra aliambukizwa na mgonjwa. Kwa miaka mitatu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, alimhudumia mzee mmoja wa Kiyordani aliyeitwa Awad, na mashine ya figo haina haraka: saa nne mtu umelala, damu inatoka, damu inarudi. Wengine hutazama televisheni. Mzee Awad alisimulia. Siku ya kwanza kabisa, Theodora akiwa anatafuta mshipa, mzee alimwambia, "Usiogope, binti. Mimi nilizaliwa kaburini, kifo hakinitishi."

Theodora alidhani homa imempanda, akamshika paji la uso. Mzee akacheka mpaka mashine ikapiga kelele. Ikawa kweli bwana. Mama yake alimzaa ndani ya pango lililochongwa miaka elfu mbili iliyopita kuwa kaburi la tajiri fulani, katika Petra, mji wa mawe jangwani, mahali ambapo ukoo wao uliishi na mbuzi wao kabla serikali haijawahamishia kijijini. Alijifunza kutembea kwenye ngazi za jabali. Alicheza kombolela katika makaburi ya wafalme. Na kila alipolala pale Carrollton chini ya taa nyeupe za kituo, alikuwa anamchongea Theodora mji ule kipande kwa kipande, mpaka Theodora akaufahamu kuliko mtaa wake mwenyewe.

Kisha mpwa wa Mzee Awad akajitolea figo. Ikakubali. Mzee Awad akapona, akarudi kwao, na mwezi wa kumi akamwita Theodora aje kuona kama alikuwa anamdanganya. Theodora akakusanya siku zake zote za likizo akaenda. Mzee alimwongoza kwa miguu katika mpasuko wa mlima, kuta zimewakaba kulia na kushoto, kisha akamwambia afumbe macho. Alipoambiwa afumbue, akaona mbele yake jumba la rangi ya waridi, refu kama ghorofa kumi na tatu, limetokeza kutoka ndani ya mlima kama mtu anayechungulia mlangoni. Wengine hulia pale. Theodora alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini mchangani, na Mzee Awad naye akakaa, wakacheka wote wawili kama watoto walioiba maandazi.

Sasa kicheko hicho alikuwa bado nacho kifuani, hakina pa kutokea.

Aliyebaki kumsikiliza alikuwa Véronique, jirani yake, Mkongo wa Uvira, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa aliyefanya kazi kwenye ghala la vipuri. Na hata yeye, Jumamosi ile ya mwezi wa tano, alisikiliza kwa sababu ndiye aliyeshika usukani na hakuwa na pa kukimbilia. Walikuwa wanakwenda Houston, kwenye Siku ya Familia ya wazungumzaji wa Kiswahili wa Texas. Saa nne za barabara. Walipofika mji wa Corsicana, Theodora alikuwa amekwisha kuchonga safu ya kwanza ya nguzo.

"Dada," Véronique alisema, "ule mji, walianza kujenga juu ao chini?"

"Hawakujenga! Walichonga. Na walianzia juu. Fundi anakata vijingazi kwenye ukuta wa mlima, anapanda hadi kileleni, kisha anashuka anachonga. Akikosea pua ya sanamu, hakuna kubandika nyingine."

"Eh! Hapana kukosea hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Véronique alitafakari mpaka malori mawili yakampita. "Mimi, ku ghala, ninakosea kila siku," akasema, na wakaangua kicheko mpaka gari likayumba kidogo kwenye njia yake.

Ukumbi ulikuwa Alief, mtaa mmoja wa Houston, katika safu ya maduka: huku duka la vyakula vya Kiafrika la Abigail, Mkenya wa Nakuru, kule fundi wa matairi. Watu walikuwa kama mia na ishirini. Wanawake wa kikundi cha Houston walivaa sare ya kitenge cha rangi ya waridi. Nyuma ya jengo, chini ya hema, masufuria matatu makubwa ya pilau yalikuwa juu ya majiko ya gesi, na harufu ya bizari nyembamba na mdalasini ilikuwa inaingia ukumbini kuwatesa watu.

Iliwatesa kwa sababu pilau ilikuwa bado. Na mwenyekiti, Bwana Humphrey, alikuwa anapita huku na huku akijifuta jasho kwa karatasi ya ratiba. Mtaalamu wa bima ya afya aliyealikwa kuzungumza alikuwa ametuma ujumbe kwamba hatafika. Pilau ilihitaji saa nzima. Muziki ulikuwa umepangwa baada ya chakula, na wazee walikuwa wamekwisha kusema kwamba hawachezi na njaa.

"Saa nzima!" Humphrey alilia. "Nitawafanyia nini watu mia na ishirini kwa saa nzima?"

"Huyu dada yangu," Véronique alisema, akimsukuma Theodora mbele kama anavyosukuma boksi kazini, "saa nzima kwake iko kidogo. Amenipigia hadithi kutoka Carrollton mpaka hapa na hajafika katikati."

"Vero!" Theodora alinong'ona. "Mimi sijawahi kushika kipaza sauti!"

"Utakishika leo."

"Hadithi ya nini?" Humphrey aliuliza.

"Ya mji uliochongwa ndani ya jabali," Theodora alisema, na hata katika hofu ile uso ukamng'aa. Humphrey aliutazama uso ule, akatazama saa, akampa kipaza sauti.

Alianza vibaya. Kwanza waya wa projekta haukuingia kwenye simu yake. Kijana mmoja akaleta waya mwingine, nao haukuingia. Picha elfu moja na mia nne, na ukuta mbele ya watu ukabaki mweupe. Mahali fulani mtoto akauliza, kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima, kama chakula kimeiva.

Theodora aliangalia ukuta ule mtupu. Aliangalia watu. Kisha, asijue mwenyewe wazo limetoka wapi, akasema, "Basi simameni."

Watu wakatazamana.

"Simameni jamani! Nusu huku, nusu kule. Mtazamane. Kaka zangu warefu, shikeni ncha za vitenge, mviinue juu. Juu zaidi! Nyinyi sasa ni mlima. Sogeeni. Sogeeni tena, hata punda apite kwa shida. Huu ndio mpasuko. Wenyewe wanauita Siq, na unatembea ndani yake zaidi ya kilomita, kuta zimekuzidi kimo mara arobaini, na mbingu huko juu imebaki utepe tu."

Kikaanza kicheko, kile cha watu wasiojua wanafanya nini lakini wanafanya. Akina mama wakafungua mikoba wakatoa kanga na vitenge. Vitenge vikainuka pande mbili, vya kijani, vya buluu, vya njano, mpaka katikati ya ukumbi kukawa na uchochoro mwembamba wenye giza la rangi. Theodora aliwaita wale wanawake wa sare ya waridi, akachagua sita, akawapandisha jukwaani.

"Nyinyi ni nguzo. Nguzo sita, rangi yenu hiyohiyo. Mungu amewavika bila ninyi kujua! Simameni wima. Nguzo haicheki, mama."

"Nguzo ina njaa," ilisema mojawapo, na ukumbi ukalipuka.

Akawapitisha waliobaki, kumi kumi, katika uchochoro ule wa vitenge. Aliwaambia wao ni msafara. Wamebeba ubani na manemane kutoka kusini mwa Arabuni, wametembea wiki nyingi, midomo imepasuka, ngamia wanalalamika. Wanaume wawili, bila kuombwa, wakajifunika blanketi wakawa ngamia, ngamia mwenye nia mbili ambaye miguu ya mbele ilikwenda kulia na ya nyuma kushoto. Bibi mmoja alicheka hadi akashikiliwa. Theodora alikuwa mbele, anarudi kinyumenyume, kipaza sauti mkononi, na hofu imemtoka.

"Wenye mji ni Wanabati. Waarabu wa jangwani, wachungaji waliogeuka wafanyabiashara. Ukitaka kupeleka ubani Gaza, Dameski au Misri, unapita kwao. Wanakupa maji, wanakupa ulinzi, nawe unalipia. Wakatajirika jamani! Na mtu akitajirika hutaka nini?"

"Nyumba!" watu walijibu.

"Kaburi!" Theodora alisema. "Hao walitaka makaburi. Haya, fumbeni macho. Msichungulie. Baba, wewe mwenye kofia, nimekuona. Hatua tatu. Mbili. Moja. Fumbueni!"

Mtu mmoja wa busara alikuwa amezima taa za ukumbi na kuacha za jukwaani tu. Waliotoka kwenye uchochoro ule wakakutana na wanawake sita wa rangi ya waridi wamesimama kimya katika mwanga, vichwa juu, vilemba vyao virefu kama vichwa vya nguzo kweli. Na ajabu ni kwamba hakuna aliyecheka. Watu walivuta pumzi. Hata ngamia alisimama, miguu yote minne.

"Hazina," Theodora alisema polepole. "Wenyewe wanaiita Al-Khazna, ndiyo hazina hiihii ya kwetu. Juu kabisa kuna chungu cha jiwe. Watu wa baadaye waliamini kimejaa dhahabu ya farao, wakakipiga risasi miaka na miaka ili kipasuke kiwamwagie. Alama za risasi nimeziona. Na chungu chenyewe, ndugu zangu, ni jiwe gumu hadi moyoni. Hakuna kitu ndani! Dhahabu ni ile kazi ya mkono."

Wakapiga makofi. Wakataka kupita tena. Waliokuwa mlima wakadai nao wawe msafara, kwa hiyo mlima ukabadilishana na msafara, na Theodora akaanza upya, safari hii akaongeza jinsi Warumi walivyouchukua ufalme, meli zilivyoichukua biashara, tetemeko la ardhi lilivyoangusha nguzo, na mji ukasahauliwa na dunia, isipokuwa na wenyewe walioendelea kulala humo na mbuzi wao. Akautaja mlima wa jirani wenye kaburi la Nabii Haruni kileleni. Hapo Waislamu waliokuwamo wakamtakia nabii amani na Wakristo wakasema amina, kwa pamoja, mpaka wakachekana.

Ndipo mtu mmoja karibu na mlango wa nyuma akanyoosha mkono. Alikuwa mwanaume wa miaka kama hamsini na minane, mweusi wa kung'aa, mwenye sharubu zenye mvi na suti ya kijivu iliyopigwa pasi kwa makini. Jina lake lilikuwa Leonce, mtu wa Kasulu, na kazi yake hapo Houston ilikuwa kukagua mitaro na makalavati ya maji ya mvua.

"Samahani, dada," alisema. "Huo mpasuko. Jangwani mvua hainyeshi, lakini ikinyesha hunyesha kwa hasira, na jabali halinywi maji. Mji uko mwisho wa mpasuko. Sasa hayo maji yalikuwa yanakwenda wapi?"

Theodora alimtazama. Watu walikuwa wamemwuliza kama alipanda ngamia, kama kulikuwa na joto, kama alinunua dhahabu. Tangu arudi hakuna aliyekuwa amemwuliza swali hili, na ndilo swali ambalo yeye na Mzee Awad walikuwa wamelimalizia Jumatano nyingi sana. Furaha ikampanda kichwani kama soda.

"Kaka!" alipiga kelele kwenye kipaza sauti mpaka watu wakaziba masikio. "Kaka, asante! Sikilizeni! Kabla hujaingia mpasukoni, waliweka ukuta. Si wa kuyazuia maji moja kwa moja, maji hayazuiliki. Ni wa kuyageuza. Pembeni wakatoboa mlima, handaki zima, mafuriko yakifika yanakuta njia yake yanapita nyuma ya mlima na kuuzunguka mji. Yale maji matulivu ya chemchemi ndiyo waliyoyaingiza mjini, kwa mfereji uliochongwa ukutani na mabomba ya udongo, mpaka kwenye visima. Jangwani! Walikuwa na bustani jangwani!"

"Waliyaonyesha njia," Leonce alisema, kama mtu anayejisemea.

"Waliyaonyesha njia!"

Radi ikapiga. Ilipiga karibu kiasi kwamba nguzo mbili zilirukiana. Halafu mvua ikaja, mvua ya Houston, isiyodondoka bali inayomwagwa, na ndani ya dakika kumi mpishi mmoja akaingia kwa mlango wa nyuma amelowa chapachapa.

"Maji! Maegesho yote ni ziwa! Yakizidi kidogo yanazima majiko!"

Wote walikimbilia nyuma. Ilikuwa kweli. Uwanja wa kuegesha magari uliinamia upande wa jengo, na maji ya kahawia yalikuwa yanateremka kutoka uwanja wa jirani, yanaelekea hema, mlango wa ukumbi na mlango wa duka la Abigail. Wanaume walishika fagio wakaanza kuyasukuma. Walisukuma hatua mbili, yakarudi hatua tatu. Mmoja aliwekea mlango meza. Maji yakapita chini ya meza bila kusalimia.

Leonce alikuwa amekwisha kukunja suruali ya suti. "Katikati pale pana wavu wa mtaro!" alipaza sauti. "Umeziba! Nitauzibua, lakini lazima mtu ayapunguze kwanza, yananizidi nguvu!"

Theodora alisimama mlangoni, mvua inampiga usoni. Aliona ule mteremko. Aliona maji yanavyokuja. Upande wa kushoto, nyuma ya uzio uliokatika, aliona mtaro mkubwa wa wazi unaokwenda zake. Alikuwa amekwisha kupaona mahali hapa, kwenye jabali, kwa kidole cha Mzee Awad.

"Acheni fagio!" alisema. "Msiyasukume! Tunataka ukuta, kutoka pembe ya jengo mpaka kwenye lile tundu la uzio. Uende mshazari, msiukingamize! Abigail! Una mchele wa magunia?"

"Mchele yangu?" Abigail alishika kiuno. "Aki dada, wewe umechanganyikiwa?"

"Tutayafunga kwenye mifuko ya taka, miwilimiwili. Maji yakiingia dukani utapoteza mchele wote."

Abigail alitazama maji, yaliyokuwa yamebakiza kiganja kimoja kufika kizingiti chake. "Chukueni," alisema. "Na msichukue basmati!"

Msafara ukaanza upya, sasa hauna ubani. Watu walipanga mstari kutoka dukani hadi nje, na magunia yakapita mkono kwa mkono, mfuko mweusi, mfuko mweusi, mfuko mweusi, mvua inawapiga na mtu ameanzisha wimbo. Nguzo sita za waridi zilivua viatu zikaingia majini. Wale wawili wa ngamia walibeba gunia kwa pamoja na safari hii walikwenda upande mmoja. Véronique, aliyeshinda siku zote kazini akipanga maboksi, alisimama mwisho wa mstari akalaza magunia kama matofali, kila moja limeshika maungio ya mengine.

"Hapana hivyo! Hivi! Voilà! Leta ingine! Mwenyekiti, uko natazama nini? Leta!"

Na Bwana Humphrey, katika koti lake jeupe, akaleta.

Gunia la ishirini na mbili lilipolala, maji yalifika ukutani yakasita. Yalivimba kidogo, yakajizungusha, kama mgeni asiyejua aingie mlango upi. Kisha yakaukuta mshazari, yakaufuata, yakashika kasi, na yakapita kwenye tundu la uzio kwa mlio mmoja mzuri, kuelekea mtaroni.

Kelele iliyopigwa pale ilisikika hata kwa fundi wa matairi. Yeye naye alitoka, akaangalia, akapiga makofi bila kujua ni ya nini.

Ziwa lilipopungua, Leonce alipiga magoti katikati ya uwanja. Akaomba kitu chochote kirefu. Mpishi akampa mwiko wa pilau, ule wa kimo cha mtoto. Akautia kwenye wavu akakoroga kama anayesonga ugali wa harusi, akatoa majani, akatoa chupa, akatoa kandambili moja ya kushoto, na ghafla uwanja ukabeua, *gbu!*, na maji yakaanza kuzunguka na kushuka. Leonce aliinuka, suti imekuwa rangi ya tope, mwiko juu kama bendera. Alikuwa anacheka. Theodora naye alikuwa anacheka, na kila walipotaka kuacha, mmoja alitazama kandambili ile na wakaanza tena.

"Sasa huo mwiko," mpishi aliuliza kwa unyonge, "mimi nitapakulia nini?"

Walipakulia kwa sahani. Watu walikula wamelowa, miguu mitupu, na wengi waliapa hawajawahi kula pilau kama ile. Mchele wa Abigail ulitolewa kwenye mifuko ukiwa mkavu, gunia kwa gunia, naye akayakagua yote kisha akambusu Theodora mashavu yote mawili. Humphrey alisimama juu ya kiti akasema wenye kutaka kwenda Petra pamoja mwakani waandike majina. Alitoa ratiba yake iliyolowa. Wino ulikuwa unasambaa, lakini watu waliandika hivyo hivyo, wakibishana nani atakuwa ngamia.

Leonce alikuja na sahani mbili, akaketi pembeni ya Theodora.

"Dada Theodora," alisema, kwa adabu ya mtu anayeomba jambo zito. "Nimesikia una picha."

"Elfu moja na mia nne," Theodora alisema, akijiandaa kuona macho yake yakikimbia kama yalivyokimbia ya wengine.

"Ile mifereji ya ukutani. Umeipiga?"

"Mia tatu na kumi na mbili."

Leonce aliweka sahani chini. Akafuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akaipokea simu kwa mikono miwili. Alianza na ya kwanza. Hakuruka. Alizikuza kwa vidole, akauliza mteremko ulikuwa kiasi gani, mabomba yaliungwa kwa kitu gani, mchanga waliutegea wapi kabla haujaziba, na alipouona mfereji wa kina cha mkono uliochongwa ukutani kwa urefu wote wa mpasuko, alitoa mluzi mwembamba kama mtu aliyeona gari la ndoto yake. Pilau ikapoa. Nje mvua ilikatika na jua likatoka kwenye uwanja uliooshwa, na ukumbini muziki ukaanza. Hakuna aliyewaita kucheza, kwa sababu Véronique alikuwa amesimama kati yao na watu kama ukuta wa magunia, anawageuza wote upande mwingine.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi asubuhi, gari lenye tope la Houston lilisimama mbele ya nyumba ya Theodora Carrollton. Leonce alikuwa ameendesha saa nne, amevaa suti mpya, na katika kiti cha abiria kulikuwa na buti mbili za mvua za kike. Alikuwa ameulizia saizi kwa Véronique.

"Kuna kalavati la zamani la mawe kwenye kijito cha hapo mbele," alisema, akigeuzageuza funguo mkononi. "Nimeliona kwenye ramani. Nikafikiri, pengine, kama huna shughuli."

Theodora alikaa kwenye ngazi akavaa buti zake. Zilimtosha sawasawa. Angel, aliyekuwa amekuja nyumbani wikendi ile, alichungulia dirishani, akamwona mama yake wa miaka hamsini na minne anarukia dimbwi la maji kwa miguu yote miwili, na mwanaume mwenye suti anaruka nyuma yake.